Itangazeni Boti, Msimtangaze Mgeni

(Maneno yaliyosemwa mjini Garsen mbele ya kamati ya mchango wa boti ya wagonjwa)



Mlituita tuje tueleze sheria zinazohusu michango ya umma. Sheria tunazo mkobani na tutazifikia. Lakini jana jioni mwenyekiti wenu alituonyesha karatasi ya tangazo mnayokusudia kuipeleka kwa mpiga chapa Malindi, na tangu saa ile hatukupata usingizi mzuri. Karatasi ile ina mistari 14. Mistari 9 ni majina ya wageni na vyeo vyao, kuanzia mgeni wa heshima hadi wale watakaofuatana naye. Mistari 3 ni siku, mahali na saa. Mmoja unasema nyote mnakaribishwa. Boti yenyewe, boti ya kuwavusha wagonjwa wakati wa mafuriko, ambayo ndiyo iliyotukalisha humu ndani katika joto hili, imepewa mstari mmoja tu, chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote.

Hatusemi haya ili kumwaibisha aliyeiandika. Aliandika kama sote tulivyofundishwa kuandika.

Sisi tuliokuwa darasa la sita mwaka 1992, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 na vyama vingi kurudi, tunazikumbuka harambee za wakati ule kwa matumbo na kwa miguu yetu. Tulipewa kadi tukaambiwa tusirudi shuleni bila pesa, na asiye na pesa alete kuku. Nyumbani kwetu hapakuwa na pesa. Tukabeba kuku, miguu yake imefungwa kwa ukili, tukasimama juani tangu saa mbili asubuhi tukifanyishwa mazoezi ya wimbo ambao ndani yake jina la mgeni lilirudiwa mara nyingi kuliko jina la shule. Mgeni alifika saa kumi alasiri. Akahutubu juu ya mtu wa kupigiwa kura, akatoa hundi akasema ni yake na marafiki zake, kisha akamnunua kuku wetu kwenye mnada kwa bei ambayo ingemnunua ng'ombe, ila akaahidi kuileta pesa hiyo baadaye. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Hundi ilirudi kutoka benki haina kitu. Ahadi haikurudi kabisa. Kuta za darasa lile zilisimama usawa wa dirisha miaka mingi, mbuzi wakilala humo. Kuku, hata hivyo, aliliwa siku ileile.

Kwa miaka mingi tulidhani kosa lilikuwa la mgeni. Tulipokua na kusomea sheria tukaanza kuliona kosa jingine, nalo lilikuwa letu sisi wenyeji. Tangazo la harambee ile lilimwita kila mtu aje amtazame mtu mmoja. Walikuja, wakamtazama, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyetoka pale akijua darasa lingegharimu kiasi gani, mabati yangekuwa mangapi, wala nani angeulizwa kama halikujengwa. Tangazo ndilo linaloamua mapema mchango utakuwa wa nani. Likimtangaza mgeni, mchango ni wake, na siku asipokuja, au akija mikono mitupu, hapana la kufanya ila kumsubiri mwingine. Likiitangaza boti, kila aliyesikia ana haki ya kuuliza: boti iko wapi?

Kwa hiyo leo tungependa tuzungumze jinsi ya kuitangaza boti, na tumeleta mawazo machache. Mengine mtayakataa, na sawa.

Tuanze na neno lenyewe. Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, nalo limeandikwa katika nembo ya serikali hadi leo. Lakini kabla ya kuwa siasa lilikuwa sauti ya watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja. Hapa Garsen hatuhitaji kamusi. Wazee waliomo humu wanakikumbuka kivuko cha Tana kabla daraja halijajengwa, kilivyovutwa kwa mikono, kamba ikienda kutoka ukingo hadi ukingo. Abiria wa basi la Lamu hakuuliza nani ni mgeni wa heshima. Aliyekuwa na mikono alivuta.

Basi, shauri letu la kwanza ni kamba. Nunueni kamba ndefu na nene ya katani, kama ile ya kivuko. Ipigeni mafundo. Tuseme kwa mfano kwamba mmepatana na fundi kuhusu bei ya boti na injini yake, na mmeigawa bei hiyo katika mafundo ya shilingi 1,000 kila moja. Kama ni laki tatu, mafundo ni 300. Kamba hiyo msiifungie ofisini. Itandazeni chini siku ya soko hapa Garsen, kutoka kwa wauza samaki hadi kwa wauza mbuzi, watu wairuke wakipita. Msiweke bango lolote. Mtu akiiruka kamba mara ya tatu atauliza kamba hii ni ya nini, na hapo tangazo litakuwa limeanza, tena limeanzishwa na yeye. Mjibuni kwa sentensi moja: hii ni boti ya wagonjwa, kila fundo ni shilingi elfu, vijiji vimefika hapa, pamebaki hadi pale.

Fundo likilipiwa, lifungeni kitambaa. Kitambaa kisitoke kwa kamati, kitoke kwa mwenye kutoa: kipande cha leso, cha kikoi, cha shuka, cha sare ya kwaya. Watu 10 wakitoa shilingi 100 kila mmoja wanalishika fundo moja, na vitambaa vyao 10 vitaning'inia pamoja. Watu 20 wakitoa 50, vivyo hivyo. Kila mmoja ataweza kuja kesho akaonyesha kidole: kile chekundu ni changu. Tumehudhuria harambee nyingi katika maisha yetu, na hatujapata kuona mtu wa shilingi 50 akionyeshwa mahali ilipokwenda shilingi yake.

Kisha kamba isafiri. Ichukuliwe kwa mtumbwi iteremke hadi Ozi na Kipini kule mtoni mwisho, ipite Chara, ipite Kilelengwani, ipande Wema na Hewani, iende kwa wafugaji malishoni kwa pikipiki ikibidi. Kila inapofika ilale usiku mmoja, kijiji kiilinde, kiihesabu asubuhi mbele ya wazee, na kiitoe ikiwa na vitambaa zaidi. Watakaoibeba wawe wawili wawili, Mpokomo na Muorma, kila safari. Tutaeleza sababu baadaye, ingawa nadhari zenu zimekwisha kuijua.

Mtauliza: je, akija tajiri akataka kufunga mafundo 100 peke yake? Huo ndio mtihani wa kamba. Ushauri wetu ni kwamba kamati ipitishe leo, kabla tajiri hajajulikana ni nani, kwamba hakuna mtu mmoja, awe waziri, awe mfanyabiashara, awe mwanasheria, atakayefunga zaidi ya mafundo 5. Kinachozidi kipokewe kwa shukrani na stakabadhi, kiwekwe katika mfuko wa mafuta na matengenezo, bila kitambaa. Wako watakaonuna, na mmoja au wawili watajitoa. Afadhali wajitoe mapema kuliko boti kuja kuandikwa jina lao ubavuni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu mpeni ncha ya kamba aibebe pamoja na wengine kutoka sokoni hadi ukingoni. Akikubali, huyo ni mgeni kweli, na mtangazeni baada ya kazi.

Shauri la pili ni la sauti, na linahusu urithi wenu wenyewe. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano ilipopewa kazi ya kutengeneza Wimbo wa Taifa, lahani iliyochaguliwa ilitokana na bembelezi la Wapokomo. Kila harambee nchini Kenya, pamoja na zile za mahundi matupu, hufunguliwa kwa sauti ya mama wa Tana anayemtuliza mtoto asilie. Watu wengi hawajui, na hata hapa wapo vijana wasiojua. Sasa fikirini: siku ya soko, saa nne asubuhi, akina mama 20 wanaanza kuliimba bembelezi lile kwa Kipokomo, polepole, bila kipaza sauti. Watu watasikia Wimbo wa Taifa. Wenye kofia watavua, askari atasimama wima, muuza samaki ataacha kisu. Kisha watasikia kwamba maneno si yale waliyoyazoea. Katika kimya kile, mama mmoja aseme kwa nini mtoto analia: kwa sababu maji yamejaa, zahanati iko ng'ambo, na mtumbwi wa jirani haujarudi. Asizidishe dakika mbili. Baada ya hapo kamba itandazwe. (Kama kuna mwenye wasiwasi juu ya sheria za alama za taifa, na atulie. Bembelezi lilikuwa lenu kabla bendera haijashonwa.)

Tunasisitiza dakika mbili kwa sababu tunazifahamu kamati. Mtapata mama anayeijua habari hiyo kwa kuwa yalimkuta, nanyi mtataka aeleze yote, na alie. Msimfanyie hivyo. Mateso ya mtu si bango la kubandika. Aulizwe kwanza, akubali mwenyewe, na picha yake isipigwe wala kutumwa popote bila yeye kuiona. Mafuriko tunayajua sote hata bila machozi ya mtu mmoja. El Niño ya 1997 ilivunja matuta ya mradi wa mpunga wa TARDA kwenye delta hii, na mradi wenyewe ukalala kwa miaka. Mwaka 2018 maji yakarudi, na mwishoni mwa 2023 tena. Kila mara vijiji vinageuka visiwa, na anayeumwa usiku hutegemea mtumbwi, tochi na mamba waliolala.

Yapo mambo madogo ambayo hatutayakalia. Mechi ya kandanda ni nzuri, mradi timu zichanganywe, si Ngao dhidi ya wafugaji. Mashindano ya mitumbwi ni mazuri zaidi, lakini mamba hawajaulizwa. Mnada wa embe na wa maziwa ufanyike, ila kwa fedha taslimu pale pale, kwa sababu kuku wetu hatujamsahau. Na tarehe msiiweke wiki shule zinapofunguliwa, wala katikati ya kiangazi mbuzi anapouzwa kwa bei ya kutupwa. Ngojeni mvua itengeneze malisho, na embe ziwe zimekwisha kuuzwa. Mfukoni mwa watu kuna majira yake kama shambani.

Sasa tuseme lile ambalo wengi wenu mnalingoja tuliseme au mnaogopa tutalisema.

Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, katika delta hii, watu zaidi ya 100 waliuawa. Riketa, Kilelengwani na Kipao ni majina ambayo hakuna haja ya kuyaeleza kwa mtu yeyote aliyeketi humu, wala hatukuja kufungua kesi ya nani alianza. Mnaijua mipaka ya mazishi yenu. Lakini karatasi ya tangazo tuliyoonyeshwa jana imeandikwa kwa Kiswahili na Kipokomo tu, na mahali palipotajwa ni uwanja wa kanisa. Muorma atakayeisoma ataelewa kwamba boti ni ya wengine. Hatadhani mmemfukuza; ataona tu hamkumkumbuka, na hilo la pili huumiza zaidi. Naye mafuriko yanapokuja humchukulia ng'ombe, mke na mtoto kama yanavyomchukulia mkulima.

Kwa hiyo tangazo liandikwe upya kwa lugha tatu, na la Kiorma liandikwe na Muorma, si kufasiriwa na mtu aliyewahi kukaa nao. Maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza, yasomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili ya juma lilelile. Imamu na mchungaji wayasome kutoka karatasi moja iliyotiwa sahihi na wote wawili, na karatasi hiyo ibandikwe sokoni watu waione sahihi mbili. Mkutano wenyewe ufanyike kwenye uwanja wa soko au kando ya mto, mahali ambapo hakuna mwenye kumkaribisha mwenzake. Waweka hazina wawe wawili, mmoja kutoka kila upande, na fedha isitoke benki bila sahihi zao zote mbili na ya mama mmoja aliyechaguliwa na vikundi vya wanawake. Tunamweka mama kwa sababu iliyo wazi: katika kesi nyingi za hesabu za vikundi zilizofika mezani petu, daftari lililokuwa safi lilikuwa la akina mama.

Mfugaji naye aruhusiwe kutoa anachokitoa. Beberu ni fundo, hata mafundo. Mkungu wa ndizi ni nusu fundo au robo. Kamati ipange bei mapema na kuitangaza, isije ikageuka biashara ya kubishana mbele ya mwenye mali.

Juu ya kutaja viwango hadharani tumebishana wenyewe njiani tangu Minjila. Wengine wetu walisema kila kiasi kisomwe kwa sauti, kwa kuwa palipo na giza ndipo wizi unapozaliwa. Wengine wakakumbuka jinsi mama zetu walivyoinamisha vichwa kadi zao ziliposomwa, shilingi 5, baada ya elfu 50 za mheshimiwa. Nyinyi wa kanisa mnaijua habari ya mjane na senti zake mbili. Tulichokubaliana ni hiki: siku ile isomwe jumla ya kila kijiji na idadi ya watu waliotoa. Ngao, watu kadhaa, jumla kadhaa. Kiasi cha mtu mmoja mmoja kiwe katika daftari lenye namba za stakabadhi, na daftari liwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kulifungua akatafuta namba yake. Idadi ya watu isomwe kwanza, jumla baadaye. Kijiji chenye watu wengi waliotoa kidogo kipigiwe makofi makubwa kuliko mtu mmoja wa mamilioni. Kama mheshimiwa ataudhika, tunadhani anaweza kustahimili.

Simu tusizisahau. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtoto wenu aliye Mombasa, Nairobi au Ghuba hana tena udhuru wa umbali. Wakati wa ukame wa 2011, wito wa Wakenya kwa Wakenya ulikusanya zaidi ya shilingi milioni 500, na mtu aliweza kutuma hata shilingi 10. Wito ule ulishika kwa sababu ulikuwa mfupi, ulimtaja mwenye njaa, na namba ilikuwa moja inayojulikana na wote. Yenu iwe hivyo hivyo. Kila Ijumaa jioni tumeni picha moja ya kamba katika makundi ya WhatsApp ya watu wa Tana, na maneno yasiyozidi mistari mitatu: mafundo yaliyofungwa, mafundo yaliyobaki, namba ya kulipia. Msitume hotuba. Msitume picha ya kamati ikipokezana bahasha. Na namba ya kulipia iwe ya akaunti ya kikundi kilichosajiliwa. Jambo hili tunalisema kama mawakili, si kama wageni: pesa ya umma ikiingia katika simu ya mtu binafsi, hata awe malaika, mmemtia majaribuni, na siku akifa, jamaa zake watakuwa na haki ya kudai kilichomo.

Sasa mkoba wa sheria. Michango ya umma nchini ina sheria yake, Sura ya 106, nayo inahusu leseni ya kukusanya. Kwa hiyo kabla kamba haijatandazwa, katibu aende kwa Naibu Kamishna wa Kaunti na barua, aulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi. Kuhusu mkutano wenyewe, wazee wanakumbuka siku ambapo mkutano wa hadhara uliomba leseni na kunyimwa, hata mazishi yakatumiwa kusema yaliyokatazwa. Mageuzi ya 1997 yaliigeuza leseni ile kuwa taarifa kwa polisi. Ipelekeni taarifa, chukueni nakala iliyogongwa muhuri, na nakala hiyo mtu aikae nayo siku nzima.

Mtu asilazimishwe. Si chifu, si mzee wa mtaa, si mwalimu mkuu anayeweza kumkata mzazi pesa au kumfungia mtoto nje kwa ajili ya boti, hata kama boti ni njema kiasi gani. Mkisikia kuku amechukuliwa mahali popote kwa jina la kamba hii, kamba isimame hadi kuku arudishwe.

Na juu ya wenye vyeo: Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa kutumia cheo chake kuchangisha. Sheria ya Uchaguzi ya 2011, ilipopitishwa, ilimzuia anayetaka kugombea asishiriki harambee katika miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma hawatashiriki harambee. Mnaona basi kwamba ile mistari 9 ya wageni katika karatasi yenu si ubaya wa adabu tu. Baadhi ya majina yale, mkiyachapisha, mnawatia wenyewe katika shida na mnajitia ninyi.

Limebaki swali ambalo kijana mmoja alituuliza mlangoni, na tulimwomba alingoje. Alisema: kwa nini tuchange? Serikali ya kaunti ipo. Tukichanga, si tunaipumzisha?

Ana haki. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti huduma za afya, pamoja na magari ya wagonjwa. Linazipa vivuko. Linazipa kazi ya kukabiliana na maafa. Ibara ya 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Boti ya wagonjwa kwenye delta ni gari la wagonjwa, ni kivuko, na ni kinga ya maafa kwa wakati mmoja. Kama kuna kitu chochote ambacho Hola inapaswa kukinunua bila kusukumwa, ni hiki. Lakini mvua haitangoji bajeti, na tumewahi kuwaona watu waliokufa wakiwa na haki zao zote mkononi.

Kwa hiyo changeni, na mdai. Kila fundo likifungwa, mwenye kitambaa atie pia sahihi au alama ya kidole katika karatasi ya pili, ombi kwa bunge la kaunti, haki mliyopewa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ombi liseme: wananchi wamenunua boti; kaunti ilipe nahodha, mafuta na bima, na mwaka ujao inunue ya pili. Siku kamba itakapojaa, kabla haijafika kwa fundi wa boti, ipelekwe Hola. Itandazwe mbele ya lango, vitambaa vyote, Wapokomo na Waorma na Wabajuni na Wawardei, na ombi lisomwe hapo. Mheshimiwa ambaye angekuwa mgeni wenu wa heshima atalazimika kuiruka kamba ili aingie kazini. Hatujui tangazo jingine la namna hiyo.

Hundi moja kubwa ingemaliza kazi kwa saa mbili, hilo twalijua. Njia hii itachukua miezi mitatu, labda minne, na kamba itapata tope, na itatokea ugomvi juu ya beberu wa nani alihesabiwa mara ngapi. Mwenyekiti amekwisha kutuambia kwamba baadhi yenu mnaona ni mchezo wa watoto. Tupigeni kura sasa, tusiondoke na manung'uniko. Kama kamba itakataliwa, tutawasaidia kuisahihisha karatasi ya Malindi na tutanyamaza. Kama itakubaliwa, tunahitaji leo hii wabebaji wawili wa safari ya kwanza kwenda Ozi, Mpokomo mmoja na Muorma mmoja, wanaojua kuogelea. Mtumbwi upo. Mwenye mtumbwi ameomba kitu kimoja tu, kwamba warudi kabla ya Alhamisi, kwa kuwa ana harusi.